Sangara wa Turkana: Historia ya Uvuvi na Istilahi Zake

Mtu anayeandaa orodha ya istilahi za uvuvi kwa Kiswahili hukutana mapema na jambo moja la kushangaza. Bahari imempa maneno tele. Maziwa ya Nyanza, Tanganyika na Nyasa yamempa kiasi cha haja. Lakini lipo ziwa moja kubwa, lililo mbali na njia zote kuu za misafara, ambalo karibu halikumpa neno lolote. Ziwa hilo ni Turkana, kaskazini mwa Kenya. Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi historia ya uvuvi wa huko, hasa uvuvi wa mshipi wa kujiburudisha, na kuonyesha ni wapi istilahi zetu zinapwaya.

Ziwa Turkana limelala jangwani, katika Bonde la Ufa, kwa urefu wa kilomita 250 na zaidi, na ncha yake ya kaskazini inaingia Ethiopia. Halina mto unaotoka. Maji yake mengi, zaidi ya robo tatu, huletwa na mto Omo kutoka nyanda za juu za Ethiopia. Mito Turkwel na Kerio huongeza kidogo, tena kwa msimu. Jua na upepo hukausha zaidi ya mita mbili za kina chake kila mwaka. Kwa hiyo ziwa hupanda na kushuka kwa kadiri ya mvua inayonyesha mbali sana na fukwe zake, na maji yake yana magadi yanayokera ulimi ingawa hunywewa. Msomaji na alikumbuke jambo hili la kupanda na kushuka, kwa kuwa ndilo msingi wa yote yatakayofuata.

Watu wa pwani walilisikia ziwa hili kabla ya Wazungu kuliona. Wafanyabiashara wa pembe walilitaja kwa jina la Samburu, kwa kuwa ndio watu waliowakuta njiani kuliendea. Mwaka 1887 msafara wa Hesabu Samuel Teleki wa Hungaria uliondoka Pangani ukiwa na mamia ya wapagazi wa mrima na Unguja, na aliyeshika nafasi kubwa katika kuuongoza alikuwa Jumbe Kimameta wa Pangani, mfanyabiashara aliyekwisha tembea sana bara. Machi 1888 wakafika ukingoni. Teleki na mwenzake, Ludwig von Höhnel, wakalipa ziwa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria, ambaye alikufa Januari 1889, hata mwaka haujatimia. Jina la marehemu huyo lilikaa katika ramani hadi mwaka 1975, serikali ya Kenya ilipolibadili kuwa Turkana. Waturkana wenyewe huliita Anam Ka'alakol, na maana inayotolewa ni bahari ya samaki wengi; ndilo asili ya jina la mji wa Kalokol, magharibi mwa ziwa. Kati ya majina yote hayo, hilo tu ndilo linalotaja samaki.

Samaki hao ni wa asili ya Nili. Miaka elfu kadhaa iliyopita, mvua zilipokuwa nyingi katika Afrika, ziwa lilisimama juu zaidi ya lilivyo leo kwa makumi ya mita, likamwaga maji yake upande wa kaskazini-magharibi hadi kwenye mito ya Nili. Ndiyo sababu leo, katika ziwa lililofungwa kila upande, twakuta jamii zipatazo 50 za samaki, nyingi zikiwa zile zile za Misri na Sudani: sangara, ngege, kambare, kibebe mwenye meno marefu, na wengineo, pamoja na wachache wasiopatikana mahali pengine popote duniani, kama sangara mdogo wa vilindini, aitwaye na wataalamu Lates longispinis. Katika fukwe za kale, ambazo sasa ni mchanga mkavu mbali na maji, wachimbaji wamepata mifupa iliyochongwa meno ya kurudi nyuma. Vitabu kadhaa vya shule huviita vitu hivyo mishale au mikuki. Kwa hakika ni vichwa vya chusa, na neno chusa lipo katika kamusi zetu tangu zamani, likiwa na maana hiyo hiyo hasa: silaha ya kuvulia yenye kigumba, itupwayo kwa mkono na kufungiwa kamba. Ni ajabu kuacha neno kamili na kushika la kubahatisha.

Sasa tutazame jina la samaki mkubwa kuliko wote, yule ambaye wavuvi wa mshipi humfuata kutoka ng'ambo. Kiswahili cha Tanzania humwita sangara. Kenya wengi husema mbuta. Waturkana humwita iji. Majina haya matatu yana historia inayostahili kuandikwa. Katika Ziwa Tanganyika, kabla ya samaki wa Nili kufikiriwa kuletwa Nyanza, sangala lilikuwa jina la jamaa zake wa ziwa hilo, na Waswahili wa Ujiji walilitumia. Samaki huyu alipotiwa katika Ziwa Nyanza miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, watu wa upande wa Tanzania walimtazama, wakaona udugu, wakampa jina lililokwisha kuwamo katika lugha. Upande wa Uganda alikuja na jina lake la Ziwa Albert, mputa, kwa kuwa wengi wa samaki waliotiwa walitoka huko. Na mbuta ya Kenya ni jina lilo hilo lililovuka mpaka. Lakini sangara wachache waliotiwa Kisumu mwaka 1963 walitoka Turkana, na jina lao la nyumbani halikufuatana nao. Samaki alisafiri, iji likabaki jangwani.

Mimi sioni sababu ya kuwavunja Wakenya moyo wa kusema mbuta katika soko na nyumba. Ila kwa maandishi ya elimu, sangara linafaa kushikwa liwe jina la jenasi nzima, maana ndilo lililopita kutoka ziwa moja hadi jingine likibeba maana ya udugu. Na majina kama iji, na kokine la ngege, na lokel la kibebe, yaorodheshwe kando yake katika kamusi ya fani, si kwa hisani bali kwa matumizi. Ofisa wa uvuvi anayeandikia watu wa Kalokol kuhusu ngege bila kujua kokine ni nini, anaandikia hewa.

Uvuvi wa kujiburudisha ulifika Turkana kwa ndege ndogo. Barabara ya Lodwar ilikuwa mbaya, na sehemu ile ilifungwa kwa wageni muda mrefu katika enzi ya Waingereza. Katika miaka ya 1960 zilijengwa nyumba za wageni katika Ghuba ya Ferguson upande wa magharibi, na Loiyangalani upande wa mashariki, penye chemchemi na mikoma. Watalii wakawa wanaletwa kutoka Nairobi kwa siku mbili tatu, wavue sangara wa kilo 50 na zaidi, wapigwe picha, warudi. Namna yao ya kuvua ilikuwa kukokota chambo cha bandia cha chuma nyuma ya mashua inayokwenda polepole. Waandishi wetu wa habari wameieleza namna hii kwa sentensi ndefu zenye kigugumizi, kana kwamba Waswahili hawakupata kuiona. Neno lipo: ni kurambaza. Mvuvi wa pwani amerambaza nguru na jodari tangu enzi za mababu. Siku hizi vijana hulitumia neno hili kwa kutembelea kurasa za intaneti, nami sina ugomvi nao, maana sitiari yao ni nzuri. Ila itakuwa kichekesho ikiwa mjukuu atajua kurambaza mtandaoni na asijue kurambaza baharini.

Kuhusu jina la shughuli yenyewe, maandishi mengi husema uvuvi wa michezo. Istilahi hii yaonekana kutafsiriwa neno kwa neno, na msomaji asiyejua asili yake hufikiri juu ya mashindano na vikombe. Pwani walisema kuvua mshipi, yaani kuvua kwa uzi na ndoana, bila kujali kama mvuaji ana njaa au ana likizo. Ningependekeza uvuvi wa mshipi uwe jina la njia, na uvuvi wa burudani uwe jina la kusudi. Tofauti hii si ya urembo. Sheria ikitaka kumtoza ada mgeni aletwaye na ndege, huku ikimwacha mtoto wa Kiturkana aliyeketi jabalini na ndoana yake, yahitaji maneno mawili. Ikiwa na moja tu, wote wawili watakamatwa au wote wawili wataachwa.

Istilahi iliyo nzito kuliko zote ni ile inayotaja wingi wa samaki waliomo majini. Wengi huandika akiba ya samaki. Akiba kwa Kiswahili ni kitu ulichokiweka wewe mwenyewe, nawe ukirudi utakikuta ulivyokiacha. Historia ya Ghuba ya Ferguson inaonyesha jinsi fikra hii ilivyo na hatari. Baada ya ukame na njaa ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, serikali iliwafundisha Waturkana waliopoteza mifugo kuvua kwa nyavu, na chama cha ushirika kikaundwa. Kwa wafugaji wengi uvuvi ulikuwa kazi ya mtu aliyeishiwa. Hata hivyo maelfu walihamia ufukweni. Kuanzia mwanzo wa miaka ya 1970 Norway iliusaidia mpango huo kwa fedha, wataalamu na barabara. Mwaka 1976 mavuo ya ziwa zima yalifikia takribani tani 17,000, na sehemu kubwa ilikuwa ngege wa ghuba hiyo moja. Hesabu hizo zikaonekana kama amana katika benki. Kiwanda cha kugandisha minofu kikajengwa Kalokol, kikamalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Kiwanda kilihitaji umeme mwingi na maji mengi safi katika mahali pasipo na vyote viwili, na gharama ya kugandisha ilizidi thamani ya minofu. Kilifanya kazi muda mfupi mno, kisha kikawa ghala la samaki wakavu. Wakati huo huo Omo ulileta maji machache, ziwa likashuka, na katikati ya miaka ya 1980 ghuba yenyewe ikakauka. Waliokuwa wameacha ng'ombe kwa ajili ya ngege hawakuwa na ng'ombe wala ngege. Mwaka 1990 Kenya ilivunja uhusiano wa kibalozi na Norway, na msaada ukakoma. Maji yaliporudi baadaye, ngege nao walirudi, kama wataalamu wa uchunguzi wa ziwa wa mwaka 1972 hadi 1975, chini ya A. J. Hopson, walivyokwisha kueleza: samaki wa maji ya kina kifupi hufuata mafuriko. Sisemi kwamba neno ndilo lililojenga kiwanda. Lakini yeyote anayefundisha wanafunzi wa uvuvi kwa Kiswahili ataona kwamba wingi wa samaki humfanya mwanafunzi aulize wingi huo ni wa lini na kwa kina gani cha maji, wakati akiba ya samaki humfanya aulize tutachukua kiasi gani. Vivyo hivyo mavuo ni bora kuliko mavuno, kwa sababu katika ziwa lile hakuna aliyepanda.

Hapana budi kuwataja Waelmolo, wavuvi wa kusini-mashariki, watu wachache mno. Hawa walivua kwa chusa na nyavu za nyuzi za mikoma, juu ya vyelezo vya magogo ya mikoma hiyo hiyo, wakiwinda sangara, mamba na kiboko. Lugha yao ya asili, ya jamii ya Kikushi, ilikwisha kuzidiwa na Kisamburu wakati Bernd Heine alipochapisha msamiati wake mwanzoni mwa miaka ya 1970, na wazee walioijua sawasawa wamekwisha kufa. Samaki mle majini wangali wapo, lakini majina waliyopewa na watu waliowajua kuliko wote yamebaki katika orodha chache za wataalamu. Chelezo, kwa bahati, ni neno letu zima, nalo linawatosha.

Msafiri wa leo mwenye mshipi atakuta nini? Sangara wapo, ingawa wale wakubwa sana huonekana kwa nadra kuliko zamani, maana nyavu zimeongezeka pande zote. Bwawa la Gibe III juu ya mto Omo lilianza kujazwa mwaka 2015 na kuzinduliwa Desemba 2016; limepunguza nguvu ya mafuriko ya kila mwaka, ambayo huwaita samaki wengi kupanda mtoni kutaga, na hao ndio chakula cha sangara. Mwaka 2018 hifadhi za Ziwa Turkana, zilizoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1997, ziliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kisha, kinyume cha hofu ya wengi, mvua kubwa za kuanzia mwaka 2019 zilipandisha ziwa, zikafunika fukwe, na kijiji cha Waelmolo cha Komote kikatengwa na bara kikawa kisiwa. Watoto wake sasa hupanda mashua kwenda shule, na wavuvi wa upande wa pili hutupa nyavu juu ya mahali palipokuwa malisho.