Kisiwa cha Likoma na Msafiri wa Peke Yake

Husemwa kwamba fulani alisafiri peke yake, na wasikiaji wakaridhika, kama kwamba neno hilo halihitaji ushahidi. Katika historia ya Ziwa Nyasa ni machache maneno yanayostahili kuulizwa kuliko hilo. William Percival Johnson, mmisheni wa karne ya 19, amesifiwa kuwa msafiri wa upweke aliyeshinda njia na maradhi mpaka akaufikia mwambao wa ziwa. Na makao ya misheni katika kisiwa cha Likoma huhesabiwa kuwa tunda la safari zake. Sifa hiyo ina kweli ndani yake. Lakini kweli yenyewe ni pana kuliko sifa, na sehemu yake kubwa imo katika nchi ambayo leo ni wilaya za Mbinga na Nyasa.

Atokaye Mbinga kwenda ziwani huiacha nyuma milima ya Wamatengo, penye mibuni na mashamba ya ngolo, akateremka mpaka Mbamba Bay. Kaskazini ya hapo iko Liuli, na mbele zaidi Lituhi na Manda. Kusini, ng'ambo ya mpaka, mwambao ni wa Msumbiji. Na mkabala wa mwambao huo ndipo kilipo Likoma, kisiwa kidogo chenye eneo la kilomita za mraba 18 hivi, chenye mibuyu na fukwe za mchanga, nacho ni sehemu ya Malawi. Mgeni wa leo hukiendea kisiwa hicho kwa kutafuta utulivu. Watu wa karne ya 19 walikiendea kwa kutafuta uhai.

Johnson alizaliwa mwaka 1854 katika Isle of Wight, naye pia basi ni mtoto wa kisiwa. Mwaka 1876 alifika Unguja kuitumikia misheni ya UMCA chini ya Askofu Edward Steere. Baadaye akaenda kukaa Mwembe, mji wa Mataka, mtawala wa Wayao, mpaka alipolazimika kuondoka mwaka 1881. Safari iliyofuata aliifanya pamoja na Charles Janson; lakini Februari 1882, walipokwisha kufika ziwani, Janson alifariki dunia huko Chia. Tangu siku hiyo Johnson akaandikwa kuwa mtu aliyebaki peke yake.

Yafaa neno hilo lipimwe. Peke yake, maana yake hapakuwa na Mzungu mwingine. Mizigo haikujibeba yenyewe kutoka Masasi. Palikuwa na wapagazi. Mitumbwi haikujipiga kasia. Palikuwa na wavuvi waliojua lini upepo wa kusini, uitwao mwera, huliumua ziwa likawa kama bahari. Kila kijiji alicholala kilikuwa na mtu aliyempa moto na chakula. Kadhalika lugha: Biblia ya Kinyanja aliyoitafsiri, iliyochapwa mwaka 1912, isingaliweza kuandikwa na mtu asiyekuwa na walimu, na walimu wake walikuwa wenyeji. Upweke wake ulikuwa wa kweli moyoni mwake, njiani haukuwako.

Kwa nini basi kikachaguliwa kisiwa? Mwambao wa mashariki ulikuwa katika mashaka makubwa. Wangoni waliokaa upande wa Songea, ambao wamisheni waliwaita Magwangwara, walikuwa wakishuka kuvamia vijiji. Ndio hao walioipiga Masasi Septemba 1882. Biashara ya watumwa nayo ilikuwa ikiwapeleka watu pwani ya bahari. Wakazi wa mwambao walihamia juu ya miamba, na wengine wakajenga nyumba juu ya nguzo ndani ya maji. Likoma ilikuwa kimbilio la namna hiyo hiyo, ila kubwa zaidi. Misheni ilipoweka makao yake huko mwaka 1885 haikugundua hekima mpya. Iliifuata hekima ya Wanyasa, waliokwisha kujua kwamba maji ni ukuta.

Ila ukuta humkinga aliye ndani tu. Kisiwa kilimhifadhi aliyekuwa na mtumbwi wa kumvusha. Aliyebaki Lundu au Mbamba Bay alibaki na hatari yake. Johnson alilitambua hilo. Mwaka 1884 alikuwa amerudi Uingereza kutafuta fedha za meli, na meli hiyo, iliyoitwa Charles Janson, ikashushwa majini mwaka 1885. Maradhi ya macho yalimpotezea jicho moja. Hata hivyo, wakati shule na kanisa vikistawi Likoma, yeye alikaa zaidi melini na mwambaoni, akitoka kijiji hata kijiji.

Maji nayo hayakuwa ukuta daima. Tarehe 2 Septemba 1895, Askofu Chauncy Maples, aliyekuwa akirejea Likoma baada ya kuwekwa wakfu, alizama chombo chake kilipopinduka kwa dhoruba. Meli mpya ikapewa jina lake. Ilitengenezwa Glasgow, ikaletwa vipande vipande, na inasimuliwa kwamba tangi lake la mvuke, lenye uzito wa tani 11, lilivutwa nchi kavu na Wangoni 450. Ikashushwa majini mwaka 1901. Jina la askofu lilichorwa ubavuni. Hao 450 wamebaki hesabu tu.

Mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890 yaliufanya mwambao wa Liuli kuwa wa Wajerumani, na Likoma ikabaki kwa Waingereza. Watu waliokuwa wakivuka kuuza samaki na kuoana wakajikuta raia wa tawala mbili. Wajerumani waliiita Liuli Sphinxhafen, kwa sababu ya jiwe lake kubwa la Pomonda. Na huko, Agosti 1914, meli ya Waingereza Gwendolen iliilemaza meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann. Hata leo Tanzania na Malawi hazijapatana juu ya mpaka uliorithiwa katika maji hayo.

Kanisa kuu la Mtakatifu Petro, lililoanza kujengwa mwaka 1903, lingali limesimama Likoma, nalo ni ukumbusho wa kutosha kwa misheni yoyote. Lakini Johnson hakuzikwa kivulini mwake. Alifariki mwaka 1928 huko Liuli, akazikwa huko huko, upande wa bara, miongoni mwa wale ambao kisiwa hakikuweza kuwachukua wote. Amfuataye katika vitabu humwona mtu mmoja na ziwa. Amfuataye mpaka kaburini hukuta kijiji.