Mkeka ulitangulia mkanda

Kabichi si zao la asili la Usambara. Ukipanda kutoka Mombo, ukapita Soni na kukata kona kuelekea Gare, utaziona zimejipanga kwenye miteremko kana kwamba zilikuwapo tangu enzi za Mbegha, mfalme wa kale wa Wasambaa, lakini zilikuja na Wajerumani, wale walioiita Lushoto Wilhelmstal, na wamisionari waliokuwa wakijenga makao milimani. Gare ilipata misheni yake mwaka 1897, watawa wa Trappist walipofika kutoka Mariannhill, Afrika Kusini. Udongo ulikuwapo, mvua ilikuwapo, na mikono ya Wasambaa wanaojua kulima mteremko ilikuwapo. Kilichokosekana ni mbegu, mtu wa kuonyesha namna, na baadaye soko. Naanza na kabichi kwa makusudi, maana mazungumzo yetu juu ya wapiganaji wakubwa wenye asili ya Afrika yamejaa damu, misuli na kipaji, mbegu haitajwi.

Chukua Kamaru Usman, mzaliwa wa Auchi, Nigeria, aliyetwaa mkanda wa uzito wa welter wa UFC, shindano la mapigano mchanganyiko (MMA), tarehe 2 Machi 2019. Vijiweni ushindi kama ule huelezwa kwa maneno mawili tu: nguvu za Kiafrika. Lakini tuutazame vizuri. Raundi baada ya raundi, Usman alimsukuma bingwa aliyekuwapo, Tyron Woodley, hadi kwenye wavu, akashusha kiuno, akamzungushia mikono na kumbana. Woodley akijinasua, anarudishwa palepale. Ngumi zilikuwapo, tena nyingi, ila zilipigwa na mtu ambaye tayari ameshaamua mwenzake asimame wapi. Zile hazikuwa nguvu tupu. Ulikuwa ufundi wa shule, kwa maana halisi ya neno shule. Usman alihamia Texas akiwa mtoto, akaanza mieleka sekondari, ambako kocha alishindwa kulitamka jina Kamarudeen akamwita Marty, akaendelea nayo chuoni, na mwaka 2010 akawa bingwa wa vyuo vya daraja la pili Marekani akiwa Chuo Kikuu cha Nebraska kilichopo Kearney. Woodley naye alikuwa mwanamieleka wa Chuo Kikuu cha Missouri. Mkanda ule, kwa hiyo, uligombewa na vijana wawili waliolelewa na vyuo.

Historia ya jambo hili ina umri mkubwa kuliko UFC. Vyuo vya Marekani vilianza kugombea ubingwa wa mieleka chini ya chama chao cha michezo, NCAA, mwaka 1928. Chini ya vyuo kuna sekondari, chini ya sekondari kuna klabu za watoto, na kwa miaka kumi au zaidi kijana anaweza kuangushwa na kuangusha wenzake kila siku bila mtu yeyote kumdai faida. Lakini ngazi hiyo ilikuwa na kasoro moja, na kwa maoni yangu kasoro hiyo ndiyo iliyoiumba MMA tunayoiona leo: juu yake hapakuwa na kitu. Mcheza kikapu akimaliza chuo anaitazama NBA. Mwanamieleka alikuwa na Olimpiki kila baada ya miaka minne, kazi ya ukocha, au ile mieleka ya maigizo ya televisheni. Ndipo UFC ilipoanza huko Denver tarehe 12 Novemba 1993, na mlango ukafunguka kwa watu waliokuwa na ufundi mwingi bila ajira. Dan Severn, aliyepitia Arizona State, aliingia Desemba 1994. Mark Coleman, bingwa wa vyuo wa mwaka 1988 akiwa Ohio State, alifuata mwaka 1996, na Randy Couture wa Oklahoma State mwaka 1997. Usman alipita njia ileile miaka mingi baadaye: aliitafuta Olimpiki ya London ya 2012, hakuipata, na mwaka huohuo akapigana pambano lake la kwanza la kulipwa.

Msomaji anayeufuatilia mchezo huu atanipinga hapa. Atasema aliyeshinda mashindano ya kwanza kabisa ni Royce Gracie wa Brazil, ambaye hakutoka kwenye mieleka ya chuo, na kwamba Gracie huyohuyo, akiwa chini amelaliwa na Severn mwenye mwili mkubwa kuliko wake, alimkaba kwa miguu hadi akasalimu amri. Atasema pia kwamba Julai 1997 Coleman alipokonywa mkanda na Maurice Smith, bingwa wa ngumi na mateke, baada ya kuishiwa pumzi. Yote ni kweli. Ila yanathibitisha kwamba mieleka peke yake ni msingi usio na kuta, hayathibitishi kwamba nyumba inaweza kusimama bila msingi. Smith hakushinda kwa kuidharau mieleka. Alijifunza namna ya kuishi chini ya mwanamieleka mpaka achoke. Kizazi kilichofuata kilikuja na mkeka uleule, kikaongeza kabali na mateke. Anayejua kuangusha ndiye anayechagua kama pambano litapiganwa wima au chini, na uhuru huo wa kuchagua una thamani kubwa kuliko pigo lolote moja. Usman mwenyewe aliujua upande wa pili wa uhuru huo Agosti 2022, pale Leon Edwards alipomwangusha katika raundi ya kwanza, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumfanyia ndani ya UFC, kisha katika dakika ya mwisho ya raundi ya tano akamlaza kwa teke la kichwa.

Pingamizi zito zaidi ni Francis Ngannou. Huyu alichimba mchanga kijijini Batié, Kamerun, hakupita chuo wala mkeka wa shule, na Machi 2021 akawa bingwa wa uzito wa juu wa UFC. Je, hii si damu na misuli? Nasema tusome hadithi yake kwa mpangilio. Januari 2018 alikutana na Stipe Miocic, aliyewahi kucheza mieleka katika chuo cha Cleveland State, na misuli ile yote ikaburuzwa raundi tano, ikaangushwa tena na tena, hadi ikawa inapumulia mdomoni. Aliporudiana naye mwaka 2021, Miocic alijaribu kumwangusha na akashindwa, kwa kuwa Ngannou alikuwa amefundishwa. Na Januari 2022, goti likiwa limeumia, alimshinda Ciryl Gane kwa kumwangusha. Mchimba mchanga aliyesifiwa kwa ngumi aliutetea mkanda wake kwa mieleka. Kuhusu bingwa mwingine, Khabib Nurmagomedov wa Dagestan, ambaye naye hakusoma Marekani, jibu ni fupi: kule kuna kumbi za sambo na mieleka kwa ajili ya watoto, na kazi ya ukumbi ni ileile.

Kwetu neno lenyewe lina mkosi. Ukisema mieleka, mtu anamkumbuka John Cena. Hata hivyo Kiswahili kina msamiati ambao kocha wa Nebraska angeuonea wivu: kuna mtama, kuna ngwala, kuna kubwaga, kuna kabali na roba. Lugha haizai maneno hayo yote bila watu kuangushana kwa karne nyingi. Waganda nao wana mieleka yao, ekigwo, na Wanuba wa Sudan wana mieleka yao inayojulikana dunia nzima. Sisi kabali tumewaachia vibaka.

Mfano wetu wa karibu uko kwenye ndondi, na unasema jambo lilelile. Titus Simba alipata fedha ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh mwaka 1970, na Michael Yombayomba akapata dhahabu Kuala Lumpur mwaka 1998. Hao walikuwa mabondia wa ridhaa. Rashid Matumla alipigana Olimpiki kabla ya kuwa jina kubwa la ngumi za kulipwa. Ridhaa ilikuwa chuo, kulipwa kukawa ajira. Leo tunaanza na ajira: promota, bango, mkanda wenye herufi tatu, kisha tunashangaa bondia anapopelekwa Ulaya kujaza nafasi. Mtu wa Tanga atanijibu kwa jina moja, Hassan Mwakinyo, aliyeitwa kwa taarifa fupi Septemba 2018 na kumsimamisha Sam Eggington raundi ya pili mbele ya Waingereza mjini Birmingham. Ushindi ule ulikuwa wa halali na wa kupendeza. Lakini ulikuwa wa mtu mmoja, usiku mmoja, na mfumo hupimwa kwa mtu wa pili na wa tatu wanaokuja nyuma yake. Mjini humohumo mwaka 2022, Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe walirudi na shaba mbili za Jumuiya ya Madola, na walizipata kwa njia ya ridhaa.

Turudi Gare. Kijana anayeshusha gunia la viazi kwenye mteremko hadi kwenye lori ana miguu na mgongo ambao kocha yeyote angeutamani, na hapo ndipo hadithi za nguvu za Kiafrika huishia. Wapo watakaosema shule hazina hata madawati, mieleka ni anasa, tena ni kufundisha watoto ugomvi. Hoja ya umaskini naiheshimu, lakini mieleka ya ridhaa haidai uwanja mkubwa tambarare, na kwenye milima hii uwanja tambarare ndio ghali kuliko vyote. Ya ugomvi siikubali: katika mieleka kupiga ngumi ni marufuku, na anayeangushwa huinuka akampa mwenzake mkono. Wanaopanga michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, waiingize kwa majaribio katika mkoa mmoja, na huo mkoa uwe Tanga. Usman alikuwa na miaka 31 alipovaa mkanda. Mkekani alianza akiwa mwanafunzi wa sekondari.