Wadadisi Wawili na Msimulizi Mmoja

Mara nyingi mkusanyaji wa masimulizi ya wazee hupeleka wadadisi wawili ili kazi imalizike upesi. Iko faida iliyo kubwa kuliko hiyo, nayo yaonekana katika habari ya mji wa Charleston, South Carolina, mwaka 1937.

Kati ya miaka 1936 na 1938, mradi mmoja wa waandishi, uliogharimiwa na Serikali ya Marekani, ulikusanya masimulizi zaidi ya 2,300 ya watu waliopata kuwa watumwa. Mmoja wao alikuwa bibi kizee wa Charleston, Susan Hamlin, ambaye umri wake ulisemekana kupita miaka 100. Alihojiwa na wadadisi wawili, kila mmoja peke yake. Jessie Butler alikuwa mwanamke Mzungu. Bibi alimdhani ametoka katika ofisi ya kusaidia maskini, naye Butler hakumsahihisha. Augustus Ladson alikuwa mtu mweusi, na bibi alimwita mwanawe.

Butler aliambiwa kwamba bwana wa zamani, Fuller, alikuwa mtu mwema. Ladson alisimuliwa habari za viboko, na vilio vya watu waliouzwa wakatengwa na jamaa zao. Hata jina halikupatana: Butler aliandika Hamlin, Ladson akaandika Hamilton.

Je, bibi alikuwa mwongo? Hapana. Maskini apataye msaada hupima maneno yake mbele ya amdhaniaye kuwa na mamlaka. Wachunguzi wa lugha hatuna haja ya kustaajabu, maana hakuna anenaye na karani kama anenavyo na mjukuu wake.

Lau ingalihifadhiwa karatasi ya Butler peke yake, tungalirithi habari ya utumwa wa upole. Lau wawili hao wangaliketi pamoja mbele ya bibi, yamkini vilio vile visingalisikika kabisa. Walakini Ladson naye alikuwa na maswali yake, na msikilizaji mwingine huenda angaliambiwa mengine.

Basi yafaa wadadisi waende mbalimbali, na kila mmoja aandike jina lake, namna alivyojulishwa kwa mwenyeji, na jinsi alivyoitwa. Atakayesoma masimulizi hayo baada ya miaka 100 atahitaji kujua yaliambiwa nani.