Siku 32 kutoka maandamano hadi sheria

Wasee, kabla mniambie kupiga kelele mtandaoni ni kazi bure, rudini na mimi hadi Novemba 2014.

Wengi wetu tulikuwa bado primari. Katika steji moja ya matatu katikati ya Nairobi, kundi la wanaume lilimzingira mwanamke likamvua nguo mchana kweupe, ati amevaa vibaya. Hiyo haikuwa mara ya kwanza. Zamani mwanamke angefunikwa leso na msamaria mwema, aende nyumbani na aibu yake, hadithi iishie hapo. Safari hii mtu alirekodi na simu, video ikatembea nchi nzima.

Kilimani Mums, kundi la akina mama la Facebook, ndio waliitisha maandamano. Hashtegi ikawa #MyDressMyChoice. Tarehe 17 Novemba wakakutana Uhuru Park, wakatembea hadi Accra Road, wengine wamevaa minisketi makusudi. Njiani walizomewa. Mtandaoni wanaume nao wakaja na yao, #NudityIsNotMyChoice. Yaani watu walitetea uhalifu kwa majina yao kamili, bila haya.

Sasa ngoja niwarudishe nyuma zaidi, kwa sababu ya hiyo Uhuru Park. Machi 1992, mama za wafungwa wa kisiasa, wakiwa na Wangari Maathai, walikuwa pale pale wamegoma kula wakidai wana wao. Polisi walipokuja na marungu na gesi, baadhi ya wale mama walivua nguo wenyewe. Kimila, mama wa umri huo akikuvulia nguo amekulaani. Hiyo ilikuwa silaha yao. Miaka 22 baadaye, mwanamke anavuliwa kwa nguvu na watu wanasogea karibu waone vizuri. Ukielewa hiyo tofauti, umeielewa hashtegi yote.

Wale wa 1992 hawakuwa na simu, na redio ilikuwa ya serikali. Walifukuzwa, wakahamia kanisa la All Saints, wakakaa karibu mwaka mzima ndipo wengi wa wafungwa wakaachiliwa.

Na hawa wa 2014? Rais alitia sahihi tarehe 19 Desemba. Siku 32 tu baada ya maandamano! Kifungu 251A cha sheria ya jinai: ukimvua mtu nguo kwa nguvu, jela si chini ya miaka 10.

Lakini tusidanganyane. Kifungu hicho kilipita ndani ya ile sheria ya usalama iliyofanya wabunge wapigane bungeni, na Februari 2015 Mahakama Kuu ikafuta vifungu 8 vyake. Mimi nashuku hiki kilikuwa asali ya kutumezesha shubiri. Bahati nzuri kilibaki. Serikali ilijua asali gani itauzika kwa sababu akina mama walikuwa washapiga kelele.

Kuna kitu kimoja bado kinanisumbua. Bila ile video hakuna maandamano, na kila aliyeisambaza, hata kwa hasira, alimvua yule dada mara ya pili. Nikiandaa hii nilitafuta 251A, ikabidi nichimbe kweli kweli. Nikatafuta video, ikaja ya kwanza kabisa. Sikuibonyeza.