Shule ya msingi ya kijiji mkoani Songwe

Shule ya msingi ya kijiji mkoani Songwe huchukua watoto wa darasa la awali na wa darasa la kwanza hadi la saba kutoka kijiji kimoja au vitongoji vilivyopakana. Shule hizi zimeenea katika wilaya za Mbozi, Momba, Ileje na Songwe, na katika mitaa ya Tunduma, mji ulio mpakani na Zambia. Mkoa ulimegwa kutoka Mbeya Januari 2016, makao makuu yakiwa Vwawa, lakini historia ya shule zake imepita karne moja. Katika muda huo shule imehama kutoka mikono ya misheni hadi ya serikali. Jasho la kuijenga kwa sehemu kubwa limekuwa la wanakijiji.

Enzi ya misheni

Wamisionari wa Kanisa la Moravian kutoka Ujerumani walifika Rungwe mwaka 1891. Mwaka 1899 Traugott Bachmann alifungua kituo cha Mbozi, katika nchi ya Wanyiha, akakaa huko hadi Vita Kuu ya Kwanza. Wamoravian walifika pia Isoko, Ileje, kwa Wandali. Wakatoliki walikuwa Galula, katika bonde la Songwe, na ng'ambo ya mpaka Waskoti wa Livingstonia walikuwa Mwenzo kwa Wanyamwanga, kabila ambalo mpaka wa wakoloni uliligawa pande mbili.

Lengo la kwanza la shule hizo lilikuwa kumwezesha muumini kusoma Maandiko. Shule za serikali ya Kijerumani zilifundisha kwa Kiswahili, ilhali misheni ilianza na lugha za wenyeji. Ndiyo maana Agano Jipya la Kinyiha, kazi ya Bachmann, lilitoka mwaka 1913. Mara nyingi mwalimu wa kijijini ndiye aliyekuwa pia mwinjilisti.

Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza yaliingia kutoka kusini, na wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa. Walimu na wazee wa kanisa Waafrika wakabaki na mzigo wa kuendeleza kazi, wakisaidiwa baadaye na Waskoti, hadi Wajerumani waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920.

Utawala wa Waingereza

Waingereza walitoa ruzuku kwa shule za misheni zilizotimiza masharti ya ukaguzi, na serikali za wenyeji zikafungua za kwao. Shule ndogo za vijijini zisizotimiza masharti ziliendelea bila ruzuku. Watoto wengi waliishia darasa la nne. Wachache waliofaulu waliendelea na shule ya kati, ambayo mara nyingi ilikuwa mbali na nyumbani, na kwa familia nyingi ada na malazi vilikuwa kikwazo.

Kujitegemea na UPE

Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Kila shule ikatakiwa kuwa na shamba au mradi. Sheria ya Elimu ya 1969 iliweka shule za misheni zilizokuwa zikipata ruzuku chini ya serikali.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kila mtoto aandikishwe ifikapo 1977, mpango uliojulikana kama elimu ya msingi kwa wote (UPE). Nchini kote wanafunzi wa msingi waliongezeka kutoka takribani milioni 1.2 mwaka 1974 hadi zaidi ya milioni 3.3 mwaka 1980. Operesheni Vijiji ilikuwa imekusanya kaya pamoja, hivyo mahali pa kujenga palipatikana kwa urahisi. Wanakijiji walifyatua na kuchoma matofali, wakakusanya mawe na mchanga. Upungufu wa walimu ulizibwa na vijana waliomaliza darasa la saba na kufunzwa wakiwa kazini, walioitwa walimu wa UPE.

Ada na madarasa

Ada iliyofutwa mwaka 1973 ilirudi kwa sura ya michango katika miaka ya 1980, uchumi ulipoyumba. Ilifutwa tena mwaka 2001, kisha Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) wa 2002–2006 ukapeleka fedha za madarasa kupitia kamati za shule. Elimu bila malipo ya mwaka 2016 iliongeza tena uandikishaji.

Msongamano wa wanafunzi madarasani unaonekana wazi Tunduma. Mji huo uko kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA. Ulikuwa na watu wasiofika 100,000 katika sensa ya 2012, wakazidi 200,000 katika ile ya 2022.

Mabadiliko ya sasa

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, inafupisha elimu ya msingi kuwa ya miaka sita. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu, hivyo mwaka 2027 darasa la sita na la saba yatahitimu kwa pamoja. Wanafunzi wa mikupuo miwili wataingia kidato cha kwanza kwa wakati mmoja, na vijiji vyenye sekondari za kata vitahitaji kuongeza madarasa.