Tumbaku na Bonde la Kilombero: Maradhi Yasiyoletwa na Mdudu

Mwaka 1949 alifika Ifakara, mji wa Bonde la Kilombero, mtaalamu wa elimu ya wanyama kutoka Basel, Uswisi, jina lake Rudolf Geigy, na katika mambo yaliyomshughulisha kulikuwa na jambo ambalo wenyeji walikwisha kulizoea hata hawalistaajabii tena, nalo ni papasi, wale wadudu wajifichao katika nyufa za nyumba za udongo wakatoka usiku kuwauma waliolala na kuwaachia homa inayokwenda na kurudi. Mapadri Wakapuchini, nao Waswisi, walikwisha kujenga misheni na kutoa matibabu hapo, kwa hiyo mgeni yule hakukosa mwenyeji. Na katika miaka ya hamsini ikasimama maabara ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Papasi, mbu na mbung'o ndio walioupa mji huu wa mpunga sifa yake katika elimu ya tiba duniani.

Tarehe 30 Septemba 1950, yaani mwaka uliofuata ule wa kufika kwa Geigy, wataalamu wawili wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walichapisha katika British Medical Journal matokeo ya kuwahoji wagonjwa katika hospitali za London. Katika wanaume 649 waliokuwa na saratani ya mapafu, waliokuwa hawajapata kuvuta tumbaku walikuwa 2 tu. Mwaka 1951 wakawaandikia matabibu wa nchi nzima kuwauliza habari za uvutaji wao, wakajibiwa na watu wapatao 40,000, kisha wakaanza kufuatilia nani anakufa na kwa maradhi gani. Na kazi hiyo, kwa subira isiyo na kifani, ikaendelea hata miaka 50.

Ilmu hiyo haikufika Kilombero kwa mwendo uliofika nao sigara. Tumbaku yenyewe haikuwa ngeni katika Afrika ya Mashariki; ililetwa zamani kutoka bara la Amerika, tangu zama za Wareno, na kwa karne nyingi wazee waliivuta katika mtemba au kuinusa ugoro, wakakirimiana kwayo barazani. Sisemi kwamba ilikuwa salama, maana ugoro na tumbaku ya kutafuna huleta saratani za kinywa, umio na kongosho. Lakini nguvu ya sigara ya kiwandani ni mbali, kwa kuwa moshi wake ni mwepesi kuuteremsha hata ndani ya mapafu, bei yake yaweza kulipwa kwa kijiti kimoja kimoja, na mwenye kuizoea huirudia mara kumi au ishirini kwa siku moja.

Kilombero ni nchi ya mpunga na miwa, na tumbaku ya biashara ilistawi kwingine: Songea, ambako chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo kiliundwa mwaka 1936, na Iringa, na Urambo. Kiwanda cha sigara cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961, mwaka ule ule wa Uhuru, na reli ya TAZARA ilipolikata bonde katikati ya miaka ya sabini, bidhaa za pwani zikapata njia iliyo nyepesi kuliko zote za kabla yake. Kiwanda hicho kilitaifishwa mwaka 1975, kikabaki mkononi mwa Serikali hadi kilipobinafsishwa mwaka 1995. Wasomaji waniwie radhi nikisema kwamba jambo hili hunihuzunisha kila nilifikiripo: katika miaka hiyo ishirini dola iliyokuwa ikijenga zahanati vijijini, kwa juhudi ya kweli inayostahili kukumbukwa kwa heshima, ndiyo iliyokuwa mwenye kiwanda, ilhali ithibati ya madhara ya sigara ilikwisha kuwa dhahiri tangu kabla ya bendera ya Tanganyika kupandishwa.

Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na zipatazo 70 zajulikana kuwa huleta saratani. Mojawapo huitwa benzopirini. Mwaka 1996 wataalamu walionyesha kwamba kemikali hiyo hujibandika mahali pale pale penye kasoro katika saratani za mapafu, ndani ya jeni iitwayo p53, ambayo kazi yake ni kuzuia seli iliyoharibika isizaane. Jeraha hilo halina homa wala uchungu. Aghalabu hupita miaka 20 au 30 kabla ya ugonjwa kudhihiri, mapafuni, au kooni, au katika kibofu, figo na mlango wa kizazi, na hata katika umio, saratani iliyoenea mno katika ukanda wetu huu wa Afrika ya Mashariki, ambayo tumbaku ni mshitakiwa wake mmoja miongoni mwa kadhaa.

Muda huo mrefu ndio unaowahadaa watu. Aliyeumwa na mbu huugua baada ya siku chache, na mama wa mtoto hujua adui yake ni nani. Lakini aliyeanza kuvuta akiwa kijana shambani Mngeta, akaja kukohoa damu akiwa na wajukuu, hana siku ya kuikumbuka wala mdudu wa kumlaumu. Hupelekwa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, jengo la Wajerumani la mwisho wa karne ya kumi na tisa lililofanywa taasisi kwa sheria ya mwaka 1996, na wagonjwa wengi wafikao hapo huwa wamekwisha kuchelewa. Yasikitisha zaidi kwa kuwa saratani nyingi za namna hii zingeweza kuzuiwa pasipo dawa wala mashine yoyote.

Wala haiwezi kusemwa kwamba bonde hili halijui namna ya kuzuia maradhi. Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 1996, makarani walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji vya wilaya za Kilombero na Ulanga, wakaandika kila aila na kila mtoto katika daftari lililoendelea kujazwa kila mara, uzazi, kifo na kuhama. Mwaka uliofuata vikaanza kuuzwa vyandarua vyenye dawa, kwa jina la Zuia Mbu, vikatangazwa na kusambazwa hata katika maduka ya vijijini, kwa njia zile zile ambazo wenye sigara walikuwa wakizitumia miaka yote. Mwaka 2001 matokeo yalichapishwa: vyandarua hivyo viliongeza kwa asilimia 27 uhai wa watoto wa kati ya mwezi mmoja na miaka minne. Dunia ikasadiki, na nchi nyingi zikafuata.

Kwa tumbaku tumekuwa wazito. Sheria ya kudhibiti bidhaa zake ilipitishwa mwaka 2003, ikakataza kuwauzia walio chini ya miaka 18, na mwaka 2007 Tanzania ikaridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku. Ila sheria haina miguu kama makarani wale wa daftari. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2018 ulikuta wanaume 14.6 katika kila mia, na wanawake 3.2, wakitumia tumbaku. Hesabu hiyo ni ndogo ikilinganishwa na ya mataifa mengi, na kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kubwa ya kufanya haraka, maana mzigo wa saratani utakaoonekana miaka ya 2050 unafungwa sasa, na mwingi wake haujafungwa bado.

Mwaka 2004 Doll, akiwa na umri wa miaka 91, alichapisha hesabu ya nusu karne ya matabibu wake. Waliovuta bila kuacha walipoteza kiasi cha miaka kumi ya maisha. Walioacha wakiwa na umri wa miaka 60 walijiokolea mitatu, wenye 50 walijiokolea sita, wenye 40 tisa, na walioacha wakiwa na miaka 30 walijiokolea karibu yote kumi. Watoto walioandikwa katika daftari la Kilombero siku za kuzaliwa kwao mwaka 1997, wakalazwa chini ya vyandarua vya kwanza vya Zuia Mbu, sasa wanakaribia umri huo wa miaka 30.