Kabla hujalipia mnyama kwa sababu ya rangi, soma habari za panya hawa

Ukipita mitaa ya Mikocheni, utakutana na mageti mengi yenye kibao cha "Mbwa mkali". Nyuma ya geti mara nyingi yupo mbwa wa mbegu, na siku hizi mbegu peke yake haitoshi. Mnunuzi akitumiwa picha WhatsApp anauliza rangi kwanza. Mweupe pee, mwenye macho ya bluu, mwenye mabaka ya kijivu: hao ndio wanaogombewa.

Ishu ni kwamba rangi ya manyoya haiji peke yake. Jeni inayohusika na rangi inaweza kuwa na kazi nyingine kabisa mwilini, kwenye utumbo, masikio au damu. Anayechagua kwa macho tu anaweza kuwa anazalisha ugonjwa bila kujua. Na mnyama aliyewafundisha wanasayansi mengi kuhusu jambo hili ni panya.

Panya gani hao?

Si yule wa darini. Hawa ni panya wa kufugwa, waliotokana na panya wa kahawia wa kawaida. Ulaya na Marekani kuna watu wanawafuga kama wengine wanavyofuga paka, na wanawazalisha kwa rangi na mabaka ya kila aina. Kwetu wanajulikana zaidi wakiwa weupe, ndani ya maabara.

Wala si panya buku, ambaye ni spishi nyingine. Panya buku ndio wanaofundishwa na shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Magawa, aliyezaliwa Tanzania mwaka 2013, alipewa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake huko Cambodia. Hakuna aliyejali rangi ya Magawa. Kilichotafutwa kwake ni pua.

Mweupe sana, tumbo limejaa

Hatari inayojulikana zaidi kwa panya wa rangi iko kwa wale wenye weupe mwingi: mwili karibu wote mweupe, macho meusi, pengine na doa dogo kichwani.

Wanazaliwa wakionekana wazima na wananyonya vizuri. Shida hujitokeza wanapokaribia kuacha ziwa na kuanza kula chakula kigumu, wiki ya tatu hadi ya tano hivi. Tumbo linavimba na kuwa gumu. Choo hakitoki, au kinatoka kidogo na kwa taabu. Mtoto anakonda huku tumbo likikua, kisha anakufa.

Kwa nini weupe na choo viende pamoja? Jibu lipo mwanzoni kabisa mwa maisha. Kiinitete kikiwa bado kidogo mno, kuna kundi la seli linaloanzia mgongoni, pale panapokuja kuwa uti wa mgongo. Seli hizo husafiri. Nyingine huelekea kwenye ngozi na kuwa seli za rangi. Nyingine huingia kwenye utumbo na kuwa mishipa ya fahamu inayousukuma chakula. Nyingine hufika kwenye sikio la ndani.

Sasa safari hiyo ikikwama, ngozi isiyofikiwa inabaki nyeupe. Na utumbo unaofikiwa kuanzia juu kwenda chini unaweza kukosa mishipa sehemu ya mwisho kabisa. Kipande hicho hakisukumi kitu. Kila kinachofika hapo kinarundikana.

Katika ukoo mmoja wa panya wa maabara wenye tatizo hili, wanasayansi walikuta kipande kimepotea kwenye jeni iitwayo EDNRB. Jeni hiyohiyo ikiharibika kwa binadamu inaweza kusababisha ugonjwa wa Hirschsprung, ambapo mtoto mchanga anashindwa kupata choo. Mtoto wa binadamu hufanyiwa upasuaji, kipande kisicho na mishipa kikaondolewa. Panya wa nyumbani hapati bahati hiyo.

Farasi nao wamo. Ukipandisha farasi wawili wenye aina fulani ya mabaka meupe, mtoto 1 kati ya 4 kwa wastani huzaliwa mweupe mwili mzima na kufa ndani ya siku chache, utumbo haufanyi kazi. Chanzo ni hiyohiyo EDNRB.

Hii haina maana kwamba kila panya mwenye mabaka meupe ni mgonjwa. Wengi wanaishi vizuri tu. Hofu ni pale weupe mwingi unapozidi kutafutwa kizazi baada ya kizazi ndani ya ukoo mmoja.

Damu isiyokatika

Kuna panya wengine wana "kofia" ya rangi ya krimu kichwani hadi mabegani, mwili mweupe na macho yenye wekundu uliofifia. Wanapendeza. Wakikatwa kidogo, damu inachelewa kukatika.

Jeni yao iliyoharibika, Rab38, husaidia seli kutengeneza vifuko vidogo. Kwenye seli za rangi, vifuko hivyo hubeba rangi. Kwenye chembe sahani za damu, vifuko vya jamii hiyohiyo hubeba kemikali za kusaidia damu kuganda. Kosa ni moja, linaonekana sehemu mbili, na mfugaji kwa kawaida anaona ile nzuri.

Wapo pia ambao hata hawazaliwi. Mwaka 1905 Mfaransa Lucien Cuénot aliripoti kwamba kila alipopandisha panya wadogo wa njano kwa wenzao wa njano, hakupata hata mmoja aliyerithi unjano kutoka kwa wazazi wote wawili. Baadaye ikaeleweka kwamba hao hufia tumboni mwa mama. Mfugaji anaona tu mama amezaa wachache.

Turudi getini

Mbwa wenye mabaka ya kijivu na meusi yaliyochanganyika, rangi inayoitwa merle, wana hesabu yao. Akirithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja, anapata rangi inayopendwa. Merle kwa merle wakipandishwa, robo ya watoto kwa wastani wanairithi mara mbili: wanakuwa na weupe mwingi, na wengi wao wako kwenye hatari ya uziwi na macho mabovu. Kwa hiyo merle hapandishwi na merle. Paka weupe wenye macho ya bluu nao wengi ni viziwi. Charles Darwin alishaliandika hilo mwaka 1859.

Ndiyo maana maswali ya kumuuliza muuzaji hayaishii kwenye chanjo. Wazazi wote wawili wana rangi gani, na wanaonekana? Walizaliwa wangapi, na wangapi walivuka wiki ya nane? Kuna aliyekufa tumbo likiwa limevimba? Baba na mama ni ndugu? Hili la mwisho watu huona aibu kuuliza, lakini njia rahisi ya kuikamata rangi adimu ni kupandisha ndugu kwa ndugu, na hapo ndipo jeni mbovu zilizofichika hukutana.

Kwa mfugaji, habari ngumu ni hii. Ugonjwa unaohitaji jeni kutoka kwa wazazi wote wawili ukimtokea mtoto mmoja, maana yake baba na mama wote wameibeba, hata kama wana afya nzuri. Kati ya kila ndugu 3 wazima wa mtoto huyo, 2 kwa wastani wameibeba pia. Wazazi hao wasirudiwe kupandishwa pamoja, na ndugu wauzwe kama vipenzi tu, si kama mbegu.

Kusikia unaweza kukujaribu mwenyewe kabla ya kulipa. Subiri mtoto wa mbwa alale au ageukie upande mwingine, kisha tikisa funguo nyuma yake. Usipige miguu chini wala kupiga makofi karibu naye, maana kiziwi huhisi mtikisiko na upepo, akageuka kana kwamba amesikia. Rudia mara kadhaa, pande zote mbili. Ukibaki na shaka, mpeleke kwa daktari wa mifugo kwanza. Mbwa wa ulinzi asiyesikia geti likifunguliwa usiku atakuwa amelala fofofo, na kibao cha "Mbwa mkali" kiko palepale.